Kati ya wakala na gereji ya mtaani, tunachokataa kulipia ni upimaji

Kadiri magari ya haibridi, yanayotumia petroli na betri kwa pamoja, yanavyozidi kuingia katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, mabishano ya zamani kuhusu mahali pa kutengenezea gari yameanza upya, na safari hii yanasikika kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Inasemwa kwamba gari lenye betri kubwa, gia boksi ya CVT (inayobadilisha mwendo bila hatua za gia) na kompyuta kadhaa haliwezi tena kushikwa na fundi wa chini ya mwembe, kwa hiyo mwenye kujali mali yake alipeleke kwa wakala wa mtengenezaji na kulipa atakachotajiwa. Wanaopinga huonyesha ankara za wakala na kuuliza ni nani mwenye uwezo wa kuzilipa. Naamini pande zote mbili zinabishania jengo. Kinachoamua kama gari litapona au litarudi gereji baada ya wiki mbili ni kama aliyelishika alilipwa kutafuta ubovu kabla ya kulipwa kubadilisha vipuri. Kwetu upimaji hauna bei, na kazi isiyo na bei ama haifanywi, ama gharama yake hufichwa ndani ya bei ya kitu kingine.

Mjadala wenyewe, kwanza, tumeuazima. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu wakala na gereji huru uliandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua gari jipya lenye dhamana ya mtengenezaji, ambaye anataka kujua kama dhamana hiyo itakufa akienda kumwaga oili mahali pengine. Marekani ililijibu swali hilo kwa sheria ya mwaka 1975, inayomkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwenye vipuri au huduma zake mwenyewe isipokuwa anapozitoa bure. Mwaka 2012 jimbo la Massachusetts likaongeza sheria inayowalazimisha watengenezaji wa magari kuziuzia gereji huru taarifa na vifaa vya upimaji wanavyowapa mawakala wao. Afrika Kusini nayo, kwa miongozo ya Tume yake ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 2021, ilitamka kwamba mwenye gari lililo ndani ya dhamana anaweza kulihudumia nje ya mtandao wa wakala bila kuipoteza dhamana hiyo. Kwao hilo ndilo swali lenyewe. Kwetu gari la kawaida la mwananchi limeshuka melini likiwa limekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi: Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8, Tanzania inalipokea lakini hulitoza ushuru wa uchakavu. Dhamana ya gari hilo iliishia Japani, mikononi mwa mtu tusiyemjua.

Jambo hilo lina matokeo ambayo hayatajwi. Wakala rasmi wa hapa kwetu alijengwa kwa ajili ya kuuza na kuhudumia magari mapya, na wateja wake wakubwa ni serikali, mashirika, kampuni za utalii na za ujenzi. Magari anayoyajua ni Land Cruiser, Hilux na ndugu zao waliotengenezwa kwa ajili ya masoko ya aina yetu. IST, Passo na Aqua, magari madogo ya Toyota, zilitengenezwa kwanza kabisa kwa ajili ya soko la Japani, zikatufikia kwa njia ya waagizaji binafsi. Wakala hakuziuza, hakuziagizia akiba ya vipuri, na mafundi wake hawakupelekwa mafunzo kwa ajili yake. Inawezekana kabisa fundi mwenye ovaroli safi yenye nembo kifuani akawa amefungua gia boksi za Hilux mia moja na hajawahi kufungua ya Passo, ilhali Passo humfikia fundi wa Ilala kila wiki. Anayesema kwamba wakala analijua gari lako kuliko mtu mwingine yeyote inampasa aulize kwanza kama wakala huyo aliwahi kuliuza.

Hata hivyo, hoja za upande wa wakala zina uzito, na baadhi yake ni nzito kuliko wanavyozieleza watetezi wake. Wakala ana mchoro wa nyaya wa mtengenezaji na hahitaji kukisia rangi za waya. Ana programu ya kiwandani, kwa Toyota ikiitwa Techstream, inayofika ndani ya kompyuta za gari kwa kina ambacho mashine nyingi za kawaida hazikifikii. Ana mwongozo unaotaja nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani, jambo ambalo kwenye hedi ya injini hutofautisha kazi ya miaka mitano na kazi ya miezi mitatu. Kipuri chake kina asili inayojulikana, risiti yake ni ya kweli, na akikosea kuna meza ya kurudia na jina la kampuni la kushitaki.

Kuna pia hoja moja ambayo karibu haisikiki hapa kwetu, nayo ni ya uhai wa watu. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza vifyatulio vya mifuko ya hewa, ile ambayo mafundi huiita eabegi, kwa kutumia kemikali ya amonia naitreti inayoharibika taratibu ikikaa kwenye joto na unyevu kwa miaka mingi. Kifyatulio kilichoharibika hupasuka wakati wa ajali na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa dereva. Takriban vifyatulio milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na magari yaliyohusika ni ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na wengineo. Joto, unyevu na miaka mingi: hayo ndiyo maelezo ya gari la mtumba linaloegeshwa juani Tanga, Mombasa au Unguja. Barua ya wito huo ilitumwa kwa mmiliki wa Japani, na gari likishapakiwa melini barua haimfuati mnunuzi wa Kariakoo. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za mtandaoni ambamo namba ya chasisi huingizwa na jibu kutolewa papo hapo kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kwa kazi ya namna hiyo mtu wa kuendewa ni wakala, hata kama hakukuuzia gari, na apewe namba ya chasisi na kuombwa jibu la maandishi. Fundi wa mtaani anayezima taa ya eabegi kwenye dashibodi ili mteja asisumbuke anaficha hatari anayoiona kwa macho yake, na sina maneno ya kumtetea.

Upande wa gereji huru nao una hoja zaidi ya unafuu. Unafuu upo na sababu zake zinaeleweka. Wakala hulipa kodi ya jengo kubwa, hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya, huuza kazi kwa saa zilizopangwa na mtengenezaji, na hubadilisha kifaa kizima pale ambapo sehemu moja tu ndiyo iliyokufa. Gereji huru hufungua stata na kubadilisha brashi zake. Wakala huuza stata mpya. Kwa gari lenye umri wa miaka 15 uamuzi wa gereji huru mara nyingi ndio wa busara, kwa sababu stata mpya ya wakala inaweza kugharimu kiasi ambacho hakilingani na thamani ya gari lenyewe. Soko la vipuri vya mtumba la Gerezani au la barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi lina vifaa halisi vilivyofunguliwa kwenye magari ya Japani, ambavyo kwa ubora huvipita vipuri vipya vingi vya bei rahisi, mradi mnunuzi ajue kuvichagua. Kisha kuna jambo la kusimama kando ya fundi ukaona anachokifanya, ukaona kilichotoka na kilichoingia. Kwa wakala gari huvuka mlango usiouvuka wewe, na kinachokufikia ni karatasi.

Sasa niigeukie hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba gari la kisasa lina kompyuta, kwa hiyo ni la wakala peke yake. Hoja hii inachanganya kusoma msimbo, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari, na kupima ubovu. Mashine za kusoma misimbo zimeenea. Fundi umeme wa magari yeyote anayejiheshimu Dar es Salaam ana ya kwake, nyingi zikiwa za kampuni ya Launch kutoka China, na kifaa kidogo cha kuunganisha na simu hununuliwa kwa bei ya chakula cha familia cha siku chache. Ugumu unaanza baada ya msimbo kutokea kwenye kioo. Chukua msimbo P0420, unaosema kwamba masega ya kusafisha moshi hayafanyi kazi ipasavyo. Unaweza kuletwa na masega yaliyochoka, lakini pia na ekzosi inayovuja au sensa ya oksijeni iliyozeeka, na injini inayokula oili huyaharibu hata masega mapya. Asiyepima huyang'oa masega, ambayo yana platinamu, paladiamu na rodiamu na kwa hiyo yana mnunuzi anayesubiri, kisha hubaki na gari linalonuka na taa ileile inayowaka. Wakala mvivu husoma msimbo uleule na kuuza masega mapya kwa bei ya kutisha. Mmoja amebahatisha kwa bei nafuu na mwingine kwa bei ghali.

Mfano wa haibridi uko wazi zaidi. Msimbo unaoogopwa na wenye Aqua na Prius ni P0A80, ambao tafsiri yake rasmi ni kwamba betri ya haibridi ibadilishwe. Kwa kweli kompyuta huutoa inapoona kwamba makundi ya seli ndani ya betri yamepishana sana volti. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20 zilizounganishwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 144. Huenda moduli mbili zimekufa na nyingine ni nzima, au vipande vya shaba vinavyoziunganisha vimeshika kutu, au feni ya kupoza betri, inayovuta hewa kutoka ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma, imezibwa na vumbi la barabara zetu hadi betri ikachemka. Kusafisha feni na chujio lake ni kazi ya saa chache. Kubadilisha betri nzima ni mamilioni ya shilingi. Kubadilisha moduli mbili tu ni njia ya kati inayopendwa mitaani, na ina hatari yake: moduli ngeni isipolinganishwa kwa uwezo na wenzake waliozeeka, mzigo huhamia kwa nyingine, na baada ya miezi michache taa huwaka tena. Anayejua lipi kati ya hayo ndilo la gari lako ni yule aliyepima kila moduli ikiwa na mzigo na ikiwa haina, akaandika namba alizozipata. Huyo anaweza kuwa kwa wakala, anaweza kuwa kwenye kibanda cha mabati.

Kuhusu usemi wa upande wa pili, kwamba fundi wangu ananijua na ameshika gari yangu miaka kumi, niseme kwa ufupi tu. Uaminifu ni mali kubwa, lakini hauoni ndani ya gia boksi. Fundi mwaminifu asiyejua kwamba CVT inahitaji oili yake maalumu atakuwekea oili ya gia boksi ya kawaida kwa moyo mweupe kabisa na kuiua gia boksi, kama vile mwaminifu mwingine anavyoamini kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 inafaa kupewa oili nzito ya SAE 40.

Tatizo lenyewe, basi, ni la malipo. Katika gereji zetu mteja hulipa vitu viwili: spea na ufundi wa kuifunga. Muda wa kutafuta ubovu, ambao kwa gari la kisasa ndio sehemu ngumu kuliko zote, hautajwi kwenye mapatano, na fundi anayethubutu kuutoza huonekana tapeli, kwa sababu "hujafanya chochote, umeangalia tu". Fundi naye ana watoto wa shule. Atafidia muda huo kwa njia mbili ambazo soko limemwachia: ataweka cha juu kwenye spea, na atabadilisha spea nyingi. Hapo tumemjengea mtu mfumo unaomlipa vizuri anapobahatisha na kumnyima chakula anapopima. Niliwahi kuendesha IST iliyokuwa ikizima kwenye foleni. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi na koili, ya pili ikabadilisha pampu ya mafuta, na gari liliendelea kuzima. Fundi umeme wa tatu alitaka shilingi 30,000 apime kwanza kabla ya kugusa chochote, nami niliona ni nyingi nikaondoka. Nilirudi kwake baada ya siku nne. Aliukuta waya wa sensa ya krenkishafti umechubuka na kugusa chuma kila injini ilipopata moto. Kuutengeneza kulichukua nusu saa. Vipuri nilivyokwisha kununua vilikuwa vimenigharimu mara kumi ya kile nilichokiita kingi.

Wakala hana utakatifu katika hili. Tofauti yake ni kwamba upimaji kwake una mstari wake kwenye ankara. Mstari huo ndio watu hulalamikia kwanza, nao ndio ningependa kuuona kila mahali. Gereji ya mtaani ikiweza kutoza upimaji kwa bei inayojulikana, ikalipwa hata kama jibu ni kwamba hakuna cha kubadilisha, itakuwa na sababu ya kununua mashine nzuri, kulipia taarifa za kiufundi na kumpeleka kijana mafunzoni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na ni hatua njema, lakini cheti hakitamlisha mtu kwa kazi ambayo soko linakataa kuilipia.

Kwa mwenye gari, uamuzi unakuwa wa kazi kwa kazi. Kumwaga oili, breki, bushi, shokapu na mikanda ni kazi za gereji huru iliyo karibu, na ningenunua vipuri mwenyewe kutoka duka lenye risiti ya EFD, mashine ya kodi, na kukiacha cha juu kiwe malipo ya wazi ya ufundi. Eabegi, funguo za kuprogramu, wito wa kurudisha gari, na ubovu wowote wa gari jipya lililo ndani ya dhamana ni vya wakala. Katikati kuna kundi la CVT, breki za ABS na betri za haibridi, ambalo wengi hulitupa kwa wakala kwa woga au kwa fundi wa kawaida kwa ubahili. Hilo ni la gereji huru iliyojikita katika kazi hiyo moja, na miji yetu mikubwa sasa inazo, baadhi zikiendeshwa na watu waliotoka kwa mawakala. Gereji hiyo ningeichagua kwa swali moja: utanionyesha nini kabla hujabadilisha kitu? Anayetaja vipimo ana nafasi yangu. Anayetaja bei ya betri kabla ya kufungua boneti hana.

Sheria nayo inaweza kusaidia kuliko tunavyodhani. Sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, inayogusa makadirio ya gharama kabla ya kazi, idhini ya mteja, kurudishiwa vipuri vilivyotolewa na dhamana ya kazi iliyofanywa, na haimtofautishi mwenye jengo la kioo na mwenye banda. Ni wangapi wanaoidai? Tanzania ina Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo imekuwa ikipambana na bidhaa bandia, vipuri vya magari vikiwemo, lakini mnunuzi wa gari jipya la Kichina anayeambiwa leo kwamba dhamana yake itafutwa akimwaga oili nje anahitaji pia kauli ya wazi kama ile ya Afrika Kusini. Mauzo ya magari hayo yanakua, na kwa mara ya kwanza swali la dhamana, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la wenzetu, linaanza kuwa la kwetu. Kauli hiyo iende pamoja na haki ya gereji huru kununua taarifa za upimaji, kwa sababu uhuru wa kumpelekea gari fundi asiyeruhusiwa kuona mchoro wa nyaya hauna faida.

Na muda umebanwa. Aqua za kwanza ziliingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2011, maana yake nyingi zilizo barabarani kwetu betri zake zimeingia umri wa kuchoka, na zitafunguliwa, tutake tusitake, nyingi zikiwa kwenye gereji za mtaani. Ndani yake kuna nyaya za rangi ya machungwa ambazo baada ya volti kukuzwa hubeba hadi volti 520. Utaratibu wa Toyota ni kuchomoa plagi ya usalama, kusubiri angalau dakika 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha kuthibitisha kwa mita kabla ya kugusa, mikono ikiwa ndani ya glavu za mpira zilizopimwa kuhimili volti 1,000. Dakika hizo 10, mita hiyo na glavu hizo ni sehemu ya upimaji. Mteja anayembana fundi hadi kwenye bei ya moduli pekee ameviondoa vyote vitatu kwenye hesabu, na kijana anayeingiza mkono chini ya kiti cha nyuma ndiye anayebaki bila vitu hivyo.